Kitanda Kisichokuwepo Kanyaruchinya

Kila siku, akishateka maji, Nyiramahirwe aliketi kwenye jiwe la volkano nyuma ya kibanda chake cha turubai, akafungua simu, akabonyeza picha ya binti yake, akaanza kusema. Hakujua kusoma hata herufi moja. Picha ndiyo iliyomwonyesha pa kugusa, na Uwingabire mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushikilia kidole mahali pale mpaka maneno yaishe. Akiachilia, sauti iliondoka, na kando yake kikatokea kialama kimoja cha kijivu, chembamba kama ukucha. Simu ya Uwingabire ingepokea, vingekuwa viwili. Kwa miezi saba havikuwahi kuwa viwili.

Aliipenda simu kwa sababu moja: haikumtaka aandike. Maisha yake yote maandishi yalikuwa mali ya watu wengine. Barua ya mume ilisomwa na jirani, na jirani akacheka kabla hajafika mwisho. Karatasi ya zahanati ilisomwa kwa sauti kubwa mbele ya foleni nzima. Kwake yeye, kitu kilichoandikwa ni kitu ambacho kila mtu anakijua isipokuwa wewe. Lakini sauti? Ukimnong'oneza mtu sikioni, nani mwingine atasikia? Ndivyo alivyoamini, na kwa imani hiyo aliiambia simu mambo ambayo hakumwambia hata padri.

Alizaliwa Jomba, karibu na Bunagana, nyumba ya watoto wawili. Kaka yake Modeste alipelekwa shule, yeye akapewa jembe. Baba alisema kumsomesha msichana ni kupalilia shamba la jirani. Maharage aliyoyalima yeye yalimnunulia Modeste viatu na madaftari, na Modeste alipopata kiti cha ofisi mjini Goma alimwona dada yake barabarani akageuza uso. Kisha akaja mume, Munyaneza. Wakati wa vita vya mwaka 2008 Munyaneza alivuka mpaka kwenda kutafuta mahali pa kuwakimbizia, akapapata mahali hapo kwa mwanamke mwingine, akaandika ile barua iliyomchekesha jirani. Nyiramahirwe akabaki na Uwingabire wa miaka mitano. Siku ile aliapa kwamba mtu mwenye ulimi laini hatamwingia tena.

Vita viliporudi Rutshuru mwaka 2022 walikimbia watu watatu: yeye, Uwingabire, na Olive. Olive alikuwa msichana wa kabila la Wanande, mshonaji, yatima kutoka upande wa Beni ambako nako watu walichinjwa kama kuku. Alikuwa amepanga chumba kwao miaka miwili, akala chungu kimoja nao, akamwita Nyiramahirwe mama. Mabomu yalipoanza kuanguka karibu na barabara, watu walikanyagana. Olive alikuwa amemshika Uwingabire mkono. Walipokutana tena chini ya kilima, Olive alikuwa peke yake.

"Mukono yake iliniponyoka, mama," alisema, na hakuongeza neno, siku ile wala siku zilizofuata.

Kuhusu dakika zile za mabomu, kichwa cha Nyiramahirwe kilikuwa kimehifadhi moshi tu, na sauti ya mwanamke fulani aliyekuwa akipiga kelele. Alifika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, karibu na Goma, na simu tu kifuani, bila mtoto, bila sufuria, hata bila kadi yake ya uchaguzi, kitu pekee duniani chenye sura yake na jina lake. Msemaji wa Kinyarwanda kama yeye, bila kadi hiyo, huitwa mgeni kwenye kila kizuizi cha barabarani. Wakati wa kuandikishwa kambini alisema ilipotea njiani. Wengi walisema hivyo.

Kambini hakukuwa na umeme. Watu walipeleka simu kwa Samy, mwenye paneli ya jua na meza iliyojaa nyaya. Unamwachia simu, anakupa kipande cha boksi chenye namba, jioni unarudi. Mara ya kwanza Nyiramahirwe alipofika, Samy aliigeuza simu mkononi.

"Mama, na code?"

"Code ya nini tena?"

"Simu yenye kufungwa inakataa sharje. Inalala tu. Lete code, niiamushe."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akaangua kicheko. "Mama Uwi anawaza simu ni mbuzi, itakula na mudomo imefungwa!"

Kuchekwa alikuwa amekuchoka. Akataja namba nne haraka haraka, mwaka aliozaliwa Uwingabire, namba pekee alizozijua kwa moyo. Hakujua kwamba simu hula moto hata ikiwa imefungwa. Angejulia wapi?

Huyo Samy, siku za Jumapili, ndiye aliyeshughulikia vipaza sauti katika chumba cha maombi cha nabii Onésime, banda la mbao na turubai upande wa juu wa kambi. Hakuna aliyeona neno hapo. Kijana ana mashine, anamtumikia Mungu kwa mashine zake.

Nyiramahirwe alikuwa Mkatoliki, mara ya kwanza alikwenda kwa Onésime kwa sababu tu mvua ilimkuta pale mlangoni. Nabii alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyepaza sauti. Alifumba macho.

"Kuna mama hapa. Anakaa juu ya jiwe, anasemesha mutoto mwenye hajibu. Anamuuliza: ile sketi ya njano, ungali nayo?"

Sketi ya njano aliitaja siku mbili kabla, peke yake, nyuma ya kibanda. Kati ya mbingu na ardhi hakuna aliyesikia ila simu isiyojibu. Basi kama mtu huyu anajua, ni Mungu aliyemwambia. Au ni mtoto aliyesikia. Njia ya tatu hakuiona.

"Mutoto anaishi," alisema Onésime, na Nyiramahirwe akalia kama aliyejifungua. "Lakini njia yake imefungwa. Kuna mukono yenye ilimushika. Ile mukono haikumuachia bure. Ilimuuza."

Nabii hakutaja jina. Hakuhitaji. Mara ngapi Nyiramahirwe alikuwa amesema kwenye simu, kwa Kinyarwanda cha kwao, kwamba Olive alimshika mtoto, kwa nini alimwachia, alipata nini kwa kumwachia? Lilikuwa neno lake mwenyewe, la chungu chake mwenyewe, limepashwa moto na kurudishwa mezani na mtu mwingine. Nacho chakula cha moto hakiulizwi kimepikwa lini.

Alisimama akatoa ushuhuda. Jioni ile wanawake wanne wa maombi walikwenda kibandani, wakatupa nje vitambaa vya Olive. Mtu akarusha jiwe likampata mgongoni. "Muchawi! Rudisha mutoto ya watu!" Olive aliokota kitambaa kimoja, akakikung'uta vumbi, akamtazama Nyiramahirwe aliyesimama mlangoni na mikono kifuani.

"Mama. Hata wewe?"

Olive akashuka kwenda mjini. Baadaye ilisemekana yuko Katindo, anafulia familia za wanajeshi.

Tangu hapo Nyiramahirwe akawa mtu. Yeye, ambaye hakuna benchi lililowahi kumngoja, akawekewa kiti mbele. Watu walitoka hata kambi nyingine kuja kumwona mama ambaye Mungu humsikiliza neno kwa neno. Kila Jumapili nabii aliona jambo jipya, na kila jambo lilikuwa kweli: jino lililomuuma, ndoto ya mto, wimbo wa kumlaza mtoto. Akarudi kwenye jiwe lake akisema kwa furaha zaidi, kwa urefu zaidi. Hakujua kwamba alikuwa akimwandalia mwizi meza.

Ikafika Jumapili moja ya mwezi wa tano. Onésime alifumba macho, akatabasamu.

"Mungu amemuonyesha mutoto namna mama yake anakaa. Naona kitanda. Kitanda ya mbao, muzuri, na blanketi ya bleu. Mutoto anafurahi juu ya ile kitanda!"

"Amina!" wakaitika watu.

Nyiramahirwe alifungua kinywa aseme amina, kikabaki wazi.

Hakuwa na kitanda. Alilala juu ya kokoto za volkano na gunia lililofumuka, akageuka kila mara mbavu zilipochoka. Lakini siku ya Jumanne alikuwa ameiambia simu: "Usihangaike juu yangu, mwanangu. Nimepata kitanda cha mbao na blanketi la buluu." Alidanganya, kama mama anavyodanganya akiulizwa kama ameshakula. Uwongo ule ulikuwa wa mtu mmoja tu. Na huyu hapa, mbele ya watu mia, nabii anaona kitanda.

Mungu angeona kokoto.

Alitoka kabla ya sadaka, akaenda moja kwa moja kwa Henriette, aliyeuza vocha za simu chini ya mwavuli kando ya barabara. Henriette alikuwa mwalimu kabla shule yake haijageuzwa kambi ya askari, na hakuwa mtu wa kucheka wasiojua.

"Angalia hii simu. Nani anakaa ndani?"

Henriette alitaka kutania, akauona uso wake, akaacha. Alibonyeza hapa na pale.

"Mama Uwi, uko na ordinateri, ile kompyuta?"

"Mimi? Hata kitanda sina."

"Wasapu yako inafunguka fasi mbili. Hapa, na kwa ordinateri ya mutu. Tangu mwezi wa kumi na mbili. Mutu alishika simu yako dakika moja, akaunganisha, akakurudishia. Kila kitu unatuma, kule nayo inafika."

"Hata sauti?"

"Sauti yenyewe. Anakaa, anasikiliza vile mutu anasikiliza radio." Henriette akainua kidole juu ya kioo. "Naifunga sasa hivi. Nigonge hapa tu, inakwisha."

"Acha."

"Unasema?"

"Acha kwanza. Usifunge."

"Mama! Mwizi iko ndani ya nyumba, unamuambia akae?"

Nyiramahirwe aliichukua simu, akaifunga katika pembe ya kitenge.

"Ndo yeye peke yake anasema mutoto yangu anaishi," alisema.

Hapo ndipo jambo lote lilipokaa, na hakuna aliyeweza kumbebea. Kama nabii ni mwizi wa masikio, basi Olive hana kosa. Lakini kama nabii ni mwizi wa masikio, basi hakuna aliyemwona Uwingabire akiwa hai. Kumrudisha mmoja ni kumzika mwingine. Siku kumi na mbili alitembea na mambo hayo mawili kama mbeba maji mwenye bidoni mbili zisizolingana uzito. Hakusema tena kwenye simu. Jumapili iliyofuata, kwa kuwa hakuna kipya cha kusikia, Onésime hakuona kitu juu yake. Badala yake alisema njia ya mtoto haitafunguka mpaka aliyeifunga aje kukiri. Jumapili ijayo Olive aletwe. Afunge siku tatu, afungwe na kamba ikibidi, maombi yapite juu yake. Kila mtu alijua maombi ya namna hiyo. Mwaka uliotangulia, katika kambi nyingine, mwanamke mmoja alitoka humo akiwa amebebwa.

"Mama Uwi atatangulia," alisema nabii kwa upole wake. "Akiona mama yake, atafungua mulango."

Siku ya Ijumaa Nyiramahirwe alishuka Katindo kwa miguu, peke yake. Alimkuta Olive nyuma ya nyumba za kambi ya jeshi, ameinama juu ya beseni, mikono imekunjamana kwa sabuni. Olive alimwona, akatazama nyuma yake kuhesabu ni wangapi waliokuja.

"Niko peke yangu," alisema Nyiramahirwe.

"Wale wenye mawe wamechelewa?"

"Watakuja Jumapili. Usikae hapa Jumapili."

Olive aliendelea kusugua kola ya shati. "Umetembea toka Kanyaruchinya juu ya kuniambia vile?"

"Nimekuja kukuuliza. Ile siku. Mukono."

Olive akaacha shati lizame.

"Miezi saba," alisema. "Umeuliza Mungu, umeuliza nabii, umeuliza mpaka simu. Mimi haukuniuliza hata mara moja."

"Nakuuliza sasa."

"Rudi kwako, mama. Ulishapoteza vya kutosha."

"Olive. Mwanangu. Nakuuliza."

Olive alijifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole.

"Mukono haikuniponyoka. Nilisema vile juu ya kukulinda. Yeye alijitoa. Ulikuwa mbele yetu, ukasimama katikati ya watu, ukapiga kelele: 'Kadi! Kadi yangu iko chini ya muto ya kulalia!' Nilimukaza mukono. Aliniambia, 'Niache, mama hawezi pita bila kadi, watamuita mugeni.' Akarudia kule. Ndo bomu ikaanguka kati yetu na nyumba."

Nyiramahirwe alikaa chini, juu ya tope la sabuni. Moshi ule uliokuwa kichwani mwake ulifunguka, na yule mwanamke aliyekuwa akipiga kelele ndani yake akageuka, naye alikuwa na uso wake. Alikuwa amemsikia miezi saba asimtambue. Samy alihitaji namba nne ili aingie katika simu. Kuingia katika kichwa chake mwenyewe yeye hakuhitaji hata moja. Aliingia bila kubisha, akaiondoa sauti yake, akaweka mkono wa Olive mahali pake, akafunga mlango, akasahau kwamba alikuwa humo. Onésime alikuta kazi imekwisha kufanyika.

"Kwa nini haukunisemea ukweli wakati wananipigia makofi, wanakupiga mawe?" aliuliza.

"Wangenisadiki?" Olive aliinamia beseni tena. "Na wewe, ungekufa. Nilikujua."

Jumapili banda lilijaa hadi nje. Henriette alikuja pia, ingawa hakuwa mtu wa maombi, akasimama nyuma na mwavuli wake. Samy alimpa Nyiramahirwe kipaza sauti, akitabasamu kama siku zote.

"Mimi sina kitanda," alisema Nyiramahirwe.

Watu wachache wakacheka, wakidhani ni utani wa kuanzia.

"Nalala juu ya mawe sawa ninyi. Kitanda na blanketi ya bleu nilidanganya mutoto kwa simu. Nilidanganya kwa simu, nabii akaona kwa roho. Mungu anadanganywa na mutu wa Jomba asiyejua kusoma?"

Onésime aliinuka, mikono mbele. "Wapendwa, tuombe. Shetani amemuingia mama yetu."

"Ameingia kweli. Nilimupa code mwenyewe, pale kwa meza ya sharje!"

Kipaza sauti kikakatika. Samy alikuwa amechomoa waya. Nyiramahirwe alikiweka chini, akaendelea kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu toka ng'ambo ya bonde. Alisema juu ya Olive. Kisha akafika mahali pa kadi, na hapo ndipo alipotaka kunyamaza, kwa kuwa mpaka hapo alikuwa bado mama aliyeonewa, na watu wanampenda mama aliyeonewa. Akasema na hilo. Alisema alivyoita, na maneno aliyoyaita, na mto wa kulalia. Mwanamke mmoja wa wale wanne waliotupa vitambaa alifunika uso kwa khanga. Mwingine alisema kwa sauti, "Kumbe aliua mutoto yake mwenyewe," na hakuna aliyemkemea.

Alipotoka, Henriette alimfuata, akanyoosha mkono. Nyiramahirwe akampa simu. Mguso mmoja wa kidole, na mwizi akafungiwa nje.

Hadithi kama hizi watu hutaka zimalizike na nabii akikimbia uchi. Onésime hakukimbia. Walihama kwake watu thelathini, labda arobaini. Jumapili mbili baadaye banda lilikuwa limejaa wengine, na meza ya Samy bado ilikuwa na foleni, kwa sababu paneli ilikuwa moja tu. Kile kiti cha mbele alikipata mama mwingine. Nyiramahirwe wakamwita Mama Kadi, na watoto waliliimba jina hilo alipopita na bidoni. Lakini hakuna aliyeshuka Katindo na kamba.

Siku ya Alhamisi Olive alipanda Kanyaruchinya. Alisema amefuata mkasi wake uliobaki. Nyiramahirwe akautoa chini ya gunia, umefungwa kitambaa, umepakwa mafuta usishike kutu. Olive aliufungua na kuufunga mara mbili tatu hewani, akisikiliza, halafu akaketi kwenye jiwe la nyuma ya kibanda bila kukaribishwa. Nyiramahirwe akaketi kando yake. Simu ilikuwa ndani, imezimika. Hakuwa ameipeleka popote.

"Ile siku," aliuliza, "alikuwa amevaa sketi ya njano?"

"Ndo aliivaa. Aliikunja juu, akaifunga hapa, ili ipate kumuacha akimbie."

"Alikuwa analia?"

"Hapana, mama." Olive aliuweka mkasi magotini. "Alikimbia muzuri. Alikimbia sawa mutu anajua kwenye anaenda."

Nyiramahirwe akaitikia kwa kichwa polepole, akamwambia aanze tena mwanzo, tangu nyumbani, wala asiruke kitu.